James Jamerson: Mpiga besi aliyegoma kubadilisha nyuzi

BUJUMBURA. Katika baa za Bwiza na Buyenzi ambako bado kuna bendi zinazopiga muziki wa moja kwa moja, na katika hoteli za kando ya Ziwa Tanganyika, mteja wa kila wiki hulijua jina la mwimbaji na mara nyingi la mpiga solo. Mpiga besi husimama nyuma, karibu na ngoma. Asipokuja, watu huona tu kwamba leo muziki haukamati, bila kujua ni kwa nini.

Mtu huyo wa nyuma ana haja moja inayowagusa moja kwa moja wanaosafirisha bidhaa kati ya Bujumbura, Kampala, Nairobi na Dubai, nayo ni nyuzi. Mara nyingi nyuzi za besi zinazopatikana kwa urahisi madukani ni zile zinazolia kwa ukali kama kengele. Anayetaka zile nyingine, zenye sauti nzito inayozimika haraka, humwagiza msafiri kwa maelezo marefu, pengine na picha ya pakiti juu yake, na bado huletewa zisizo zenyewe. Machoni pa muuzaji asiyepiga gitaa, zote ni waya.

Tofauti yake ni ndogo kuitazama. Uzi wa besi una waya wa chuma katikati, kisha huzungushiwa waya mwingine kwa nje ili upate uzito wa kutoa sauti ya chini. Waya huo wa nje ukiwa wa mviringo, uzi unabaki na matuta madogo kama ya skrubu. Kidole kikipita juu yake kinakwaruza, na sauti hutoka kali na ndefu. Waya wa nje ukiwa utepe bapa, uzi unakuwa laini kama kisu. Unakakamaa zaidi, ile milio ya juu inakufa mapema, na kinachobaki ni kishindo cha kifuani kinachogonga na kunyamaza. Hizo ndizo nyuzi bapa. Ndizo za zamani zaidi kwenye gitaa la besi la umeme, ambalo Leo Fender alianza kuliuza Marekani mwaka 1951.

Mtu aliyezipa nyuzi hizo heshima zilizonayo leo alikuwa mwajiriwa wa mshahara ambaye kwa miaka zaidi ya 10 jina lake halikuandikwa kwenye kava la santuri yoyote ya kampuni iliyomwajiri. Aliitwa James Jamerson. Msomaji anaweza kuwa hajawahi kulisikia jina hilo, lakini besi yake ameisikia. Ni yake inayofungua My Girl ya kundi la Temptations, peke yake, kabla gitaa halijaingia, kama moyo unaodunda. Ni yake pia katika Bernadette ya Four Tops, katika nyimbo za ujana za Stevie Wonder na katika What's Going On ya Marvin Gaye. Redio za ukanda huu hazijaacha kuzipiga nyimbo hizo mpaka leo, na madereva wa malori wanazijua.

Alizaliwa tarehe 29 Januari 1936 katika kisiwa cha Edisto, jimbo la South Carolina, karibu na Charleston, bandari ambayo enzi za utumwa ilipokea Waafrika wengi kuliko karibu bandari nyingine yoyote ya Amerika Kaskazini. Watu weusi wa visiwa vile, wanaoitwa Wagullah, walibaki kwa muda mrefu mbali na bara. Walihifadhi lugha yao yenye maneno ya Afrika Magharibi, ususi wa vikapu na namna yao ya kuimba kanisani kwa makofi na miguu. Mtoto James alikulia humo. Ajali ya baiskeli ilimwacha akichechemea. Kuna kisa ambacho mwenyewe alipenda kukisimulia ukubwani: alichukua kijiti, akakivuta kwa mpira, akakichomeka kwenye kichuguu na kuupiga ule mpira ili siafu wacheze.

Kwa Mrundi kisa hicho si kigeni sana. Umuduri, upinde wenye uzi mmoja na kibuyu cha kukuza sauti, hufanya kazi kwa akili hiyo hiyo: uzi mmoja, mti mmoja, na kitu chenye uwazi cha kuupa mlio mwili.

Mama yake alihamia Detroit mwaka 1953 kutafuta kazi, na yeye akamfuata mwaka uliofuata. Detroit ni mji wa mpakani. Ng'ambo ya mto ni Windsor, Kanada, na tangu mwaka 1929 kuna daraja kubwa la magari, kisha njia ya chini ya mto tangu 1930. Mamia ya maelfu ya watu weusi kutoka kusini walikuwa wamemiminika huko kwa ajili ya viwanda vya magari, na walikuja na muziki wao. Katika shule ya sekondari ya Northwestern kijana Jamerson alikuta dabo besi, lile fidla kubwa la kusimama nalo ambalo wapenzi wa taarab ya Unguja wanalifahamu. Alikuwa na mikono mikubwa. Kabla hajamaliza shule alikuwa tayari anapiga katika klabu za jazi na bluzi za mjini.

Dabo besi ndiyo iliyomfunza kila kitu, na hapo pana jambo la kuzingatia. Chombo kile hakina umeme. Sauti yake hutoka kwenye mbao na hewa, inagonga kisha inafifia, na mpigaji lazima auvute uzi mnene kwa nguvu. Jamerson aliuvuta kwa kidole kimoja tu, cha shahada, na alipohamia gitaa la umeme miaka ya mwanzo ya 1960 hakuongeza kidole cha pili. Wenzake walikiita kidole hicho ndoano.

Wakati huo huo mjini kulikuwa na kijana mwingine aliyekuwa akihangaika na biashara. Berry Gordy alikuwa bondia, kisha akafungua duka la santuri za jazi likafilisika, kisha akafanya kazi kwenye kiwanda cha magari ya Lincoln-Mercury. Kiwandani aliona gari likiingia upande mmoja likiwa chuma kitupu na kutoka upande wa pili likiwa limekamilika, kila mfanyakazi akifunga kipande chake. Januari 1959 alikopa dola 800 kutoka kwenye mfuko ambao familia yake ilikuwa ikichangia, upatu wa ndugu kama tunavyoujua huku kwetu, akaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Motown. Alinunua nyumba ya kawaida barabara ya West Grand Boulevard, na nyimbo zikaanza kutoka humo kama magari: mtunzi hapa, mwimbaji pale, mkaguzi wa ubora mwishoni.

Kila wimbo ulipita mikononi mwa kundi lile lile la wanamuziki. Walijiita Funk Brothers. Studio yao waliibandika jina la shimo la nyoka, kwa jinsi nyaya zilivyoning'inia kutoka darini. Walifanya kazi usiku na mchana. Mwanzoni walilipwa dola chache kwa wimbo, baadaye mshahara wa wiki. Mrabaha wa mauzo hawakuwa nao. Wimbo ukiuza nakala milioni, fungu lao lilikuwa lile lile walilochukua siku ya kurekodi.

Haki itendeke kwa pande zote. Mshahara aliokuja kuupata Jamerson ulikuwa mzuri kuliko wa watu wengi weusi wa Detroit waliokuwa wakifunga boliti viwandani, na alilea mke na watoto wanne kwa pesa hiyo. Lakini hesabu ya mfanyabiashara haiishii kwenye mshahara. Bidhaa ilikuwa na ladha yake na ikauzwa dunia nzima bila alama yake.

Nao wanamuziki walijua thamani yao, ndiyo maana walipita milango ya nyuma. Motown haikutaka wawapigie wengine, lakini waliteleza usiku kwenda studio nyingine za Detroit, na hata Chicago, zaidi ya kilomita 400. Besi ya Boom Boom ya John Lee Hooker ni ya Jamerson. Ile ya Higher and Higher ya Jackie Wilson, iliyorekodiwa Chicago mwaka 1967, ni yake pia. Ilikuwa magendo ya vidole.

Gitaa lake la kwanza la umeme, Fender Precision, alilipata kwa mpiga besi mwenzake, likaibwa. Baadaye alishika lingine la aina hiyo hiyo, la mwaka 1962, na hilo ndilo lililopiga sehemu kubwa ya nyimbo zinazojulikana. Halikuwa na chochote cha pekee dukani. Upekee wake ulikuwa kwenye matunzo, au tuseme kwenye kukosa matunzo. Alilifunga nyuzi bapa nene za kampuni ya La Bella, ambazo uzi wake mnene kabisa unakaribia milimita 3, na hakuzibadilisha tena. Alibadilisha uzi uliokatika tu. Jasho, mafuta ya vidole na vumbi la miaka viliingia ndani ya nyuzi, na yeye aliamini utamu ulikuwa ndani ya uchafu huo. Chini ya kifuniko cha chuma, karibu na pale nyuzi zinapofungwa, kulikuwa na kipande cha sponji kilichoubana mlio usiendelee. Nyuzi zilikuwa juu sana kutoka kwenye shingo ya gitaa, kiasi kwamba wapigaji wengine walioshika chombo kile walishindwa kukibonyeza.

Kwa maneno mengine, aliligeuza gitaa la umeme likawa dabo besi. Vitu hivyo vyote, uzi bapa, uchafu, sponji na kidole kimoja, vilimrudishia ile sauti aliyoijua tangu shuleni, inayogonga na kunyamaza. Na kwa kuwa kila noti ilinyamaza mapema, palibaki nafasi ya noti nyingine. Hapo ndipo alipofanya mapinduzi yake. Kabla yake, besi ya nyimbo za kawaida ilikanyaga noti mbili tatu za msingi na kurudia. Jamerson alizipitisha noti za kupanda na kushuka katikati ya mapigo, akaruka, akachelewa makusudi, akamjibu mwimbaji. Kwa nyuzi zenye mlio mrefu, noti nyingi hivyo zingepandiana na kuwa uji. Kwa nyuzi zake kila moja ilisikika. Paul McCartney wa Beatles alikuwa mmoja wa waliomsikiliza kwa makini kutoka ng'ambo ya bahari.

Sikio lililokua na inanga linaielewa sauti hiyo bila kufundishwa. Mpiga inanga wa Burundi huimba kwa kunong'ona kwa sababu nyuzi za chombo chake hazina makelele, na anayetaka kumsikia hunyamaza. Besi ya Jamerson nayo haipigi kelele ndani ya wimbo. Ukiizima, wimbo unaporomoka.

Mwaka 1970 Marvin Gaye alikuwa akirekodi What's Going On, wimbo ambao mwenye kampuni hakuutaka kwa sababu ulizungumzia vita na polisi. Inasimuliwa kwamba Gaye alimtafuta Jamerson klabuni, akamkuta amelewa kiasi cha kushindwa kukaa kwenye kiti, na kwamba besi yote ya wimbo ule ilipigwa mtu akiwa amelala chali sakafuni. Kisa kinapendwa na wanamuziki, na huenda kimetiwa chumvi, lakini kazi yenyewe ipo na kila noti iko mahali pake. Albamu ilipotoka mwaka 1971, kava lake liliwataja wanamuziki kwa majina. Jamerson alikuwa na umri wa miaka 35. Nyimbo zaidi ya 20 alizopiga besi zilishafika namba moja Marekani.

Pombe katika kisa hicho si ya kuchekesha. Ilikuwa naye kwa miaka mingi na ilikuwa inazidi.

Mwaka 1972 Motown ilifunga virago Detroit na kuhamia Los Angeles, kwenye filamu na televisheni. Wanamuziki hawakuulizwa. Inaelezwa kuwa baadhi yao walijua walipokuta tangazo mlangoni. Mfanyabiashara aliyewahi kufika sokoni alfajiri na kukuta soko limehamishwa anaijua hali hiyo. Wengi wa Funk Brothers walibaki. Jamerson alifunga safari mwaka 1973, kilomita zaidi ya 3,500, kuifuata kazi.

Alipata kazi kwa muda. Anatajwa kuwa alipiga Rock the Boat ya Hues Corporation, iliyofika namba moja mwaka 1974. Lakini sauti ilikuwa imeanza kubadilika. Tangu miaka ya kati ya 1960 kampuni ya Rotosound ya Uingereza ilikuwa imezipa umaarufu nyuzi za mviringo, zile kali, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 maprodyuza wa Los Angeles walitaka besi inayong'aa, inayopigwa makofi kwa dole gumba, inayosikika juu ya vyombo vingine. Walitaka pia mtu wa kupiga kilichoandikwa kwenye karatasi bila kuongeza chake. Jamerson alijua kusoma muziki vizuri. Alichokataa ni kubadilisha nyuzi.

Hapa mtu anaweza kumlaumu. Gharama ya seti mpya ilikuwa ndogo kuliko malipo ya siku moja studioni. Vijana waliokuwa wamejifunza kwa kumsikiliza yeye walinunua nyuzi mpya, wakapata kazi zake. Hata hivyo swali la pakiti ya nyuzi kwake halikuwa la dola. Kwa nyuzi kali, mchezo wake wote wa noti za haraka ungebadilika, na kidole chake kimoja kingekuwa kama cha mtu mwingine. Alikuwa akiombwa aache kuwa James Jamerson ili aajiriwe kwa jina la James Jamerson. Simu zikapungua. Akalazwa mara kwa mara. Miaka ya mwisho mtu aliyekuwa amepiga nyimbo ambazo dunia nzima inaziimba alikaa nyumbani Los Angeles akisubiri kuitwa.

Tarehe 25 Machi 1983, katika ukumbi wa Pasadena, si mbali na kwake, Motown ilisherehekea miaka 25 kwa onyesho kubwa la televisheni. Ndilo onyesho ambalo Michael Jackson aliteleza kinyumenyume jukwaani kwa mara ya kwanza mbele ya kamera, tukio ambalo Bujumbura, Kigoma na Goma vijana walikuja kuliiga kwa miaka. Nyota wote wa zamani walialikwa. Jamerson hakualikwa. Alinunua tiketi kama mtu yeyote, akakaa viti vya nyuma, akasikiliza mistari aliyoibuni yeye ikipigwa na watu wengine.

Miezi minne baadaye, siku chache kabla ya kifo chake, lile gitaa la mwaka 1962 liliibwa, na nyuzi zake zile zile zikiwa juu yake. Halikurudi mikononi mwake. Alifariki tarehe 2 Agosti 1983, ini likiwa limeharibika, akiwa na umri wa miaka 47. Mwili ulirudishwa Detroit na kuzikwa katika makaburi ya Woodlawn.

Jina lilianza kusafiri baada ya hapo. Mwaka 1989 mwanamuziki Allan Slutsky alichapisha kitabu cha maisha yake, pamoja na mistari ya besi iliyoandikwa noti kwa noti. Mwaka 2000 aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa muziki wa roki nchini Marekani, miongoni mwa watano wa kwanza kutambuliwa kama wapigaji wa nyuma. Filamu kuhusu Funk Brothers ilitoka mwaka 2002. Huku kwetu mjadala wa nani hasa aliitunga Malaika haujaisha, na Fadhili William aliyeirekodi alifariki mwaka 2001 ukiwa unaendelea. Wenye nyimbo za Detroit angalau walipata vitabu, ingawa wengi wao walishaondoka duniani.

Wapiga besi nao walianza kuuliza sauti ile ilitoka wapi. Waliokua na nyuzi za mviringo tu walizifungua, wakafunga bapa, wakaweka kipande cha sponji, na ghafla gitaa walilolizoea likazungumza kwa sauti ya santuri za wazazi wao. Hilo limetokea Detroit na London, na linatokea kwa kijana wa Bujumbura anayepiga rumba ya zamani ya Kikongo na kushangaa kwa nini besi yake haikai ndani ya wimbo kama ile ya redioni. Mara nyingi anadhani tatizo ni spika.

Kampuni ya La Bella bado inatengeneza nyuzi hizo nene, na ile seti nzito inauzwa kwa jina la Jamerson. Anayemwagiza msafiri wa Nairobi au Dubai anaweza sasa kumwandikia jina hilo kwenye karatasi, na muuzaji atajua anachotafuta. Bei yake ni kubwa kuliko ya nyuzi za kawaida. Zikitoka kwenye pakiti bado huwa na ukali kidogo, na anayezifunga kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ametapeliwa. Wanaozijua hawazifuti jasho. Hupiga kila siku, na kwa kawaida ni baada ya miezi kadhaa ndipo sauti inapoanza kushuka.